Kanda za harusi na matanga zinaoza kwa sanduku: jinsi ya kuchagua na kutumia dividii rekoda nyumbani

Kama kwenu kuna ile sanduku iko juu ya kabati imejaa kanda za VHS, harusi, ruracio (ile sherehe ya mahari), ubatizo, matanga ya mzee, sherehe za shule, basi soma hii mpaka mwisho. Karibu kila boma hapa Kisumu mpaka Kakamega mpaka Nakuru iko nazo, na deki ya kuzichezea ilikufa kitambo, na kila Krismasi watu wakikutana wanasema hizi kanda tutazipeleka mahali zitengenezwe. Hazipelekwi. Na muda wenyewe unaisha, kwa sababu Funai ya Japani, ndio ilikuwa kampuni ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha mwaka wa 2016, kwa hivyo deki yoyote unaona sokoni sahi ni ya mitumba na hedi zake, ile sehemu inasoma kanda, zinazidi kulika. Kanda nayo ni plastiki nyembamba imepakwa unga wa sumaku ukashikwa na gundi, na hiyo gundi inazeeka hata kama hakuna mtu ameigusa.

Dividii rekoda ni mashini ya kukaa chini ya TV, inafanana na dividii ya kawaida, lakini hii inaandika. Unaichomekea deki ama kamera ama dekoda, inachukua piksha na sauti inaweka kwa diski. Haitaki laptopu, haitaki bando. Najua kuna kale kakifaa ka USB ka kuunganisha deki na laptopu, na kanafanya kazi, ila kwa laptopu ya zamani mara nyingi sauti inaanza kutangulia midomo ya watu na ukiwa na kanda nyingi utachoka mapema. Rekoda ilitengenezwa kufanya kazi moja na inaifanya vizuri.

Kwanza jua unataka gani

Ziko aina tatu. Kuna rekoda tupu, yenye inaandika diski peke yake, hiyo lazima uwe na deki yako kando. Kuna ya mbili kwa moja, deki na rekoda kwa mwili mmoja, unaweka kanda huku na diski huku unabonyeza batani moja ya kukopi. Alafu kuna yenye iko na hadi diski (hard disk) ndani kama ya kompyuta, unarekodi kwa hadi diski kwanza, unakata zile sehemu mbaya, ndio unahamisha kwa diski kwa dakika chache.

Ukiniuliza mimi, ya hadi diski ndio bora kabisa ukiipata, na sababu ni stima. Ukiwa unaandika moja kwa moja kwa diski ya kuandikwa mara moja na stima ipotee katikati, hiyo diski mara nyingi imeenda. Kwa hadi diski unapoteza tu ile rekodi ulikuwa unafanya, unairudia. Ya jibi (GB) 160 inabeba kama masaa sabini hivi kwa kiwango cha kawaida, kwa hivyo kanda za familia nzima zinaingia. Ya mbili kwa moja ni ya pili, inapunguza waya na fujo, shida yake tu ni kwamba upande wa deki ukikufa, umebaki na nusu ya mashini.

Kununua

Hizi mashini hazipatikani dukani mpya, zinatoka kwa mitumba ya elektroniki, sana sana zile watu wanaita ex-UK, yaani zilitumika Uingereza kwanza. Soko la Kibuye hapa Kisumu siku ya Jumapili hukosi kuona moja imelala kati ya redio na pasi, na Nakuru ukizunguka kwa wale wanauzanga vitu vya ng'ambo utapata pia. Sasa hapa ndio watu wanaumia, kwa hivyo nitakaa hapa kidogo.

Angalia nyuma ya mashini ile stika ya stima. Ikiandikwa volti 220 mpaka 240 uko sawa. Ikiandikwa 100 peke yake hiyo ni ya Japani, 120 ni ya Marekani, ukiiweka kwa soketi ya kwetu moja kwa moja itatoa moshi. Na hata ukinunua transfoma, bado kuna shida ingine kubwa: Marekani na Japani walikuwa wanatumia mfumo wa piksha za TV unaitwa NTSC, sisi tulikuwa PAL kama Uingereza. PAL ni mistari 625 na piksha 25 kwa sekunde, NTSC ni mistari 525 na karibu piksha 30. Rekoda ya NTSC ukiipatia kanda ya harusi ya Bondo ya 1996 itakuonyesha piksha nyeusi na nyeupe inaruka ruka, ama haitaonyesha kitu. Ndio maana nasema tafuta ya Uingereza: stima ni sawa, plagi ya miguu mitatu ni sawa, mfumo ni PAL. Usisumbuke na mambo ya rijini, ile namba ya kufungia diski icheze sehemu fulani za dunia tu, hiyo ni ya filamu za kununua, diski tupu yenye umeandika mwenyewe haina rijini.

Ya Uingereza iko na kajambo kamoja. Nyuma utakuta soketi kubwa pana ya pini ishirini na moja, inaitwa SCART, na deki yako pengine iko na zile tundu tatu za rangi. Nunua adapta ya SCART kwenda RCA, hizo tundu za rangi, lakini uangalie iwe na kaswichi kadogo kako pembeni kenye kanachagua kuingiza ama kutoa. Zile za bei ya chini zisizo na kaswichi nyingi zinapitisha upande mmoja tu, unaweza kukaa siku mzima ukilaumu deki na kumbe ni adapta. Ila rekoda nyingi ziko na tundu za njano, nyeupe na nyekundu hapo mbele, nyuma ya kale kamlango ka plastiki, hizo zinatosha na hutahitaji SCART kabisa.

Alafu rimoti. Muuzaji atakwambia, "Mkubwa, rimoti ni kitu kidogo, utapata hata hapo nje." Usikubali. Kuna kazi moja lazima ufanye kwa kila diski, kuifunga ndio isome kwa mashini zingine, nitaieleza huko mbele, na kwa rekoda nyingi hiyo kazi iko ndani ya menyu yenye huwezi kufika bila rimoti yake. Rimoti za kila kitu zinaweza kuwasha na kuongeza sauti tu, hiyo menyu hazijui. Rekoda bila rimoti yake, mimi ningeiacha hapo hapo, hata wakipunguza bei nusu.

Mwisho, ijaribu hapo hapo kabla pesa kutoka mfukoni. Enda na kanda moja isiyo na maana sana, diski moja ya RW (ya kufutika) na diski moja ya R (ya kuandikwa mara moja). Kucheza diski haitoshi, kwa sababu ile taa ya leza inatumia nguvu zaidi kuandika kuliko kusoma, na mashini nyingi za mitumba zinacheza vizuri lakini kuandika zimeshindwa. Rekodi dakika tano, ifunge, alafu omba muuzaji wa jirani aiweke kwa dividii yake ya kawaida. Ikicheza huko, lipa. Ikianza kukwambia diski mbaya mara diski mbaya na umejaribu mbili, rudisha chini.

Diski

Diski ya kawaida ni jibi 4.7. DVD-R na DVD+R zinaandikwa mara moja tu, na hizo ndio za kuweka kumbukumbu. DVD-RW na DVD+RW unaweza kufuta na kuandika tena kama mara elfu moja, hizo ni za mazoezi na za vipindi vya TV. Kuna DVD-RAM pia, Panasonic waliipenda sana, lakini dividii nyingi za nyumbani haziisomi kwa hivyo achana nayo. Mashini zingine za zamani zinakubali upande wa minasi peke yake ama plasi peke yake, angalia ile alama iko kwa mlango wa diski kabla hujabeba boksi nzima. Na usinunue hamsini siku ya kwanza, nunua tano za aina moja uone kama mashini inazipenda, feki ni nyingi.

Usibandike stika juu ya diski. Karatasi inavuta upande mmoja na diski ikizunguka inatetemeka. Andika na kalamu ya maka yenye haichomi, kwa upande wa juu.

Panga kanda kabla ya kuwasha kitu chochote

Hii hatua watu wanairuka na ndio inaua deki. Chukua kila kanda, ishike karibu na dirisha, angalia kupitia kale kakioo ka mbele kwa ule mviringo wa kanda. Inafaa kuwa nyeusi inang'aa, laini kama santuri. Ukiona vidoa vyeupe ama unga unga wa kijivu kwa ukingo, hiyo ni ukungu, na huku karibu na ziwa na unyevu wetu ni kitu ya kawaida sana. Kanda yenye ukungu usiiweke kwa deki, itachafua hedi na deki itapakia ukungu kanda zote zenye zitafuata. Weka kando, tutairudia. Nakuru na Naivasha mara nyingi adui ni vumbi, hiyo unapangusa tu na kitambaa kikavu nje ya kanda kabla ya kuingiza.

Zile safi, geuza uone mgongo wake, upande wa kushoto kuna kaplastiki kadogo. Kama bado kako, kavunje na bisibisi. Kakishatoka hakuna mtu anaweza kurekodi juu yake kwa bahati mbaya, na nyumba ikiwa na watoto wanaobonyeza kila kitu hiyo ni lazima. Alafu kanda yenye imekaa miaka bila kuchezwa, ipeleke mbele mpaka mwisho na uirudishe mpaka mwanzo mara moja, inalegea na kukaza vizuri.

Kuunganisha

Waya ya njano ni piksha, nyeupe ni sauti ya kushoto, nyekundu ya kulia. Toka kwa tundu za OUT za deki, ingia kwa tundu za IN za rekoda. Rekoda nayo inaenda kwa TV, kwa njano nyeupe nyekundu ama kwa HDMI kama iko nayo, na hiyo inasaidia kwa sababu TV nyingi za siku hizi hazina tena tundu za rangi. Deki za zamani zingine ziko na tundu moja tu ya sauti, hapo nunua kawaya ka kugawanya moja iwe mbili, la sivyo sauti itatoka spika moja tu milele.

Sasa washa zote, shika rimoti ya rekoda, bonyeza ile ya kuchagua njia ya kuingilia mpaka uone piksha ya deki kwa TV. Itaandikwa L1 ama L2 ama AV2, inategemea umechomeka wapi. Kama umeona piksha lakini iko na mistari ya kuchafuka chini ama juu, guza batani za TRACKING za deki mos mos mpaka itulie. Kama ni theluji tupu bila piksha, hedi ni chafu, fundi anaweza kuisafisha na spiriti kwa dakika kumi, usiingize pamba yako mwenyewe ndani, nyuzi zake zinanasa na hedi ni kitu ya kuvunjika haraka.

Kwa setingi weka umbo la 4:3, kwa sababu hivyo ndivyo kamera zilipiga. Ukiacha TV ivute piksha, wamama wote kwa harusi watakuwa wafupi na wapana.

Kurekodi kwenyewe

Kuna viwango, vimeandikwa kwa herufi. XP ni saa moja kwa diski, SP ni masaa mawili, LP manne, EP sita ama nane. Mtu akiona EP anafikiria ameokoa diski. Usifanye hivyo na kanda za familia. VHS ya zamani imejaa vichembe vichembe vinavyocheza kwa piksha, na mashini inavihesabu kama vitu vinatembea, kwa hivyo ukiibana sana inaanza kutoa miraba miraba kila mahali watu wanacheza. Na kwa harusi zetu watu wanacheza muda wote. SP ndio nzuri. Kanda nyingi za kamera za harusi ni E-180, masaa matatu, kwa hivyo zinakuwa diski mbili. Kata mahali penye maana, kanisa kwa diski ya kwanza, karamu kwa ya pili, usiache mashini ikate katikati ya hotuba ya mzee.

Rudisha kanda nyuma kidogo ya mahali unataka, bonyeza REC kwa rekoda kwanza, subiri sekunde chache, alafu PLAY kwa deki. Dakika mbili za kwanza kaa hapo uangalie na usikie, piksha iko, sauti iko pande zote mbili. Baada ya hapo unaweza kuendelea na kazi zako ila usitoke nyumbani, kanda ya zamani inaweza kukwama na kutafunwa, ukisikia deki inalia sauti ya kukwaruza simamisha haraka.

Wakati mwingine rekoda itakataa na kusema hii kanda imelindwa. Filamu za kununua zililindwa kweli, hizo hairuhusiwi kukopi na rekoda inatii. Lakini kanda ya nyumbani yenye imechoka inaweza kuchanganya rekoda mpaka idhani imelindwa. Rekebisha tracking, ama jaribu deki ingine, mara nyingi inakubali.

Stima. Kama unaweza, weka rekoda na deki kwa UPS ya kompyuta, ile betri inashikilia stima ikipotea, hata ndogo. Na mkiwa upande wa Kakamega ama Kisii msimu wa mvua, radi ikianza kunguruma toa plagi zote pamoja na waya ya antena, hakuna harusi inafaa kuunguza mashini.

Kufunga diski

Hii ndio kazi niliyosema ya rimoti. Diski ya R ikishamaliza kurekodiwa bado iko wazi, inacheza kwa hiyo rekoda peke yake. Enda kwa menyu, tafuta mahali pa diski, chagua FINALIZE, kubali, ngoja. Inachukua dakika chache mpaka robo saa, na katika huo muda usizime, usibonyeze kitu, na stima ikipotea hapo imekula kwako, ndio UPS ina maana. Fanya siku hiyo hiyo. Kuna watu wako na diski ishirini zimerekodiwa vizuri, rekoda ikakufa kabla hawajazifunga, na hakuna dividii nyumbani inaweza kuzisoma. Kwa RW, mashini ikikuuliza mfumo gani wakati wa kuformati, chagua Video, ile ya VR inakupatia uhuru wa kukata lakini dividii nyingi za kawaida haziijui.

Kama unataka kurekodi TV pia

Tangu tuhamie dijitali mwaka wa 2015, ile antena ya ndani ya rekoda ya zamani haishiki kitu huku, usipoteze masaa ukitafuta chaneli. Chomeka dekoda kwa rekoda kama ulivyochomeka deki. Ukiweka taima kumbuka rekoda haiwezi kubadilisha chaneli ya dekoda, kwa hivyo acha dekoda ikiwa imewashwa na iko kwa chaneli yenyewe, na saa ya rekoda iwe sawa. Tumia RW hapa.

Kutoa kwa diski kwenda kwa flashi

Diski moja sio kumbukumbu, inakwaruzwa, inaazimwa, inapotea Eldoret. Tafuta laptopu yenye iko na mlango wa diski ama ununue ule wa nje wa USB. Ndani ya diski kuna folda inaitwa VIDEO_TS, ikopi yote jinsi ilivyo kwa flashi ama hadi diski ya nje. Programu ya VLC inaifungua bila shida. Kwa simu, geuza na HandBrake iwe MP4, ni ya bure, na uwashe ile sehemu ya kuondoa mistari inayoitwa Deinterlace, la sivyo mtu akitembea utaona kingo zake zimechanika kama meno ya kitana. Mafaili yanakuwa madogo sana, unaweza kuweka mengine kwa Google Drive, ile ya bure ni jibi 15.

Ukishafika hapa, onyesha wazee hizo MP4 kwa simu na uandike majina. Nyanya, muite dani ama kukhu ama shosho, ndio anajua yule mama wa kitambaa cha kijani amesimama nyuma ya bibi harusi ni nani, na alitoka Ugenya ama Seme. Andika kwa daftari na dakika yake, alafu piga daftari picha uiweke kwa folda hiyo hiyo.

Zile za ukungu

Usizitupe na usizianike kwa jua. Ziweke mahali pakavu penye hewa wiki kadhaa, ama kwa ndoo yenye kifuniko pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinakuja na viatu, mpaka ule ukungu ukauke. Ukikauka fundi anaweza kufungua kanda, aipanguse nje ya nyumba akiwa amefunika pua, ahamishe ile mikanda kwa kasha safi. Atumie deki ya kutupa kuichezea, na yako uisafishe hedi kabla ya kuendelea na zingine. Kanda zote, safi na zilizopona, zirudishwe mpaka mwanzo na zisimamishwe wima kama vitabu, mbali na spika kubwa na ukuta wenye unyevu, na usizitupe hata kama diski imetoka vizuri mpaka uwe na kopi mbili kwa nyumba mbili tofauti.